KOMPYUTA IMFUATE MTU, SI MTU AIFUATE KOMPYUTA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule)



Kwanza natoa shukrani kwa Halmashauri ya Umoja kwa kunipa heshima ya kuzungumza nanyi. Barua niliyoletewa ilinitaka nichague jambo linalohusu kazi yangu, lisiwe refu mno, wala lisiwalaze watu usingizi baada ya pilau. Nimejitahidi. Kama nimeshindwa, wa kunihukumu ni ninyi.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilimaliza Kidato cha Sita hapa mwaka 2001, nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea kompyuta, na tangu hapo nimekuwa nikishughulika na mifumo ya kompyuta ya ofisi za umma. Shabaha ya kazi yetu ni kwamba mwananchi akitaka cheti, leseni au nafasi ya kazi, aipate kwa kompyuta au simu bila kushinda kwenye foleni. Ni kazi njema, na wengi wenu mmefaidika nayo. Lakini nimeona pia kwamba kila tunapofunga dirisha la mbao na kufungua dirisha la kioo, wapo wananchi wanaobaki nje. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo: wenzetu wenye ulemavu, na namna kompyuta inavyoweza kutengenezwa ili imfuate kila mtu jinsi alivyo.

KIOLESURA NI NINI?

Liko neno moja nitakalolitumia mara kwa mara, nalo ni kiolesura. Ni neno la wataalamu, lakini maana yake si ngumu. Kiolesura ni mahali ambapo mtu na mashine hukutana. Redio ya zamani ya mzee kijijini ina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti na kingine cha kutafutia stesheni. Hicho ndicho kiolesura chake. Kwa kompyuta ni kioo, kibodi na kipanya. Kwa simu za siku hizi ni kioo kinachoguswa kwa kidole. Mtambo waweza kuwa na akili ya kuongoza chombo hadi mwezini, lakini kama mahali pa kukutania hapampi mtu nafasi, kwa mtu huyo mtambo huo ni sawa na jiwe.

Sasa, anayetengeneza kiolesura aghalabu huwa na mtu fulani kichwani mwake. Mtu huyo ana macho mazima, masikio mazima, mikono isiyotetemeka, amesoma vya kutosha, na hana linalomsumbua. Ukichunguza sana utagundua kwamba mtu huyo ni yeye mwenyewe mtengenezaji! Kila asiyefanana naye huambiwa ajitahidi, au atafute wa kumsaidia.

Je, wasiofanana naye ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila watu sita, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Tena hesabu hiyo haisimami mahali pamoja. Wazee wetu walisema hujafa hujaumbika. Baadhi yetu humu bwaloni tuliokuwa tukisoma maandishi ya ubaoni tukiwa dawati la nyuma kabisa, leo tunasoma ujumbe wa simu tukiwa tumenyoosha mkono mpaka mwisho wake. Ajali ya barabarani, kisukari, kiharusi, au miaka tu, humhamisha mtu kutoka kundi moja hadi jingine bila kumwuliza. Kwa hiyo tunapozungumzia jambo hili hatuzungumzii watu wa mbali. Tunajizungumzia sisi wenyewe na nyumba zetu.

TULIKOTOKA

Vijana, msidhani kwamba jambo hili ni geni. Kwa kweli baadhi ya mashine tunazozionea fahari zilianza kwa ajili ya watu wenye ulemavu, au zilibuniwa nao wenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 19, yapata mwaka 1808, Mwitaliano mmoja aitwaye Pellegrino Turri alimtengenezea rafiki yake asiyeona, Carolina Fantoni, mashine ya kuandikia, ili aweze kuandika barua zake mwenyewe bila kumtamkia karani. Mashine yenyewe imepotea, lakini barua za mama huyo zimehifadhiwa. Hiyo ni moja ya taipureta za kwanza kabisa duniani. Mwaka 1829 Louis Braille, kijana wa Kifaransa aliyepofuka tangu utoto, alichapisha maandishi yake ya nukta nundu: nukta sita tu, ambazo kwa kupangwa huku na huku hutoa alama 63. Mwaka 1951 shule ya wasioona ya Perkins huko Marekani ilianza kutoa mashine ya kuandikia nukta hizo, iliyobuniwa na mwalimu wake David Abraham, yenye kitufe kimoja kwa kila nukta. Mashine hizo mtazikuta hata leo katika shule zetu za wasioona. Na mwaka 1964 Robert Weitbrecht, mwanafizikia wa Marekani ambaye alikuwa kiziwi, alibuni kifaa kilichowawezesha viziwi kupelekeana maandishi kwa teletaipu kupitia waya wa simu ya kawaida. Hapo watu walikuwa hawajaota kupeleka meseji.

Kompyuta za mezani zilipoenea katika miaka ya 1980, wasioona walipata bahati ambayo wengi hawaijui. Kompyuta za wakati ule zilionyesha maandishi matupu. Kila herufi ilikaa katika kumbukumbu ya mashine kama namba, na haikuwa vigumu kuandika programu ya kuzichukua namba hizo na kuzitamka kwa sauti. Programu hiyo huitwa kisoma-skrini. Kampuni ya IBM ilikuwa na ya kwake kufikia mwaka 1986, kazi ya Jim Thatcher na wenzake. Mwaka 1989 ikaja JAWS, ya Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla ya kupofuka kwa ajali ya gari mwaka 1978.

Kisha yakaja mapinduzi. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, na baadaye Windows, hasa toleo la 3.0 la mwaka 1990, zilileta picha, madirisha na kipanya. Sisi wenye macho tulishangilia. Wasioona walipata pigo. Herufi hazikuwa tena namba zilizopangwa. Zilikuwa madoa ya rangi juu ya kioo, na kisoma-skrini hakijui tofauti kati ya doa la herufi A na doa la ua. Watu waliokuwa na kazi zao maofisini walianza kuogopa kuzipoteza, kwa sababu tu mashine imependeza zaidi!

Dawa iliyopatikana, Ndugu Mwenyekiti, ndiyo kiini cha hotuba yangu, kwa hiyo naomba tuitazame kwa makini. Wataalamu walikubaliana kwamba kila kitu kilichoko kwenye kioo, mbali na sura yake, lazima kiwe tayari kujieleza kwa mambo matatu: jina lake, kazi yake, na hali yake. Kitufe kikiulizwa, kijibu: "Jina langu ni Tuma, mimi ni kitufe, na kwa sasa niko tayari kubonyezwa." Kisanduku kijibu: "Mimi ni kisanduku cha alama ya vema, jina langu ni Nimekubali Masharti, na bado sijawekewa alama." Microsoft ilitoa utaratibu wa namna hiyo kwa Windows mwaka 1997, na leo kila mfumo mkubwa wa kompyuta na simu unao. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuandika kisoma-skrini kiitwacho NVDA, akaungana na mwenzake James Teh, naye pia haoni, na wakakitoa bure kwa ulimwengu mzima. Mwaka 2009 simu za iPhone na za Android zikaanza kuwa na visoma-skrini ndani yake tangu kiwandani.

KUREKEBISHIKA MAANA YAKE NINI?

Somo la historia hiyo ni moja: tenga maana na sura. Ukishaipanga maana ya jambo vizuri ndani ya mashine, unaweza kuivika nguo yoyote. Asiyeona ataivika sauti, au nukta nundu zinazopanda na kushuka chini ya vidole vyake. Mwenye uoni hafifu ataivika herufi kubwa. Kiziwi ataivika maandishi mahali pa sauti. Mwili ni ule ule. Nguo hubadilika kwa mvaaji. Hicho ndicho kiolesura kinachorekebishika.

Nitoe mifano ya makundi mbalimbali, maana ulemavu si mmoja.

Fikirieni ndugu zetu wenye ualbino. Wengi wao huona kwa shida vitu vya mbali na herufi ndogo, na mwanga mkali huwaumiza macho. Ukurasa mweupe unaong'aa kama bati la saa saba mchana, wenye herufi za kijivu, kwao ni adhabu. Mtu huyo anataka uwezo wa kugeuza rangi, herufi ziwe nyeupe na nyuma pawe peusi, na kukuza maandishi bila ukurasa kuvurugika. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, inayojulikana kwa kifupi kama WCAG, inasema wazi kwamba maandishi yaweze kukuzwa mara mbili bila kitu kupotea, na kwamba tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mahali zilipoandikwa isipungue 4.5 kwa 1. Miongozo hiyo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka mwaka 2023.

Fikirieni mwenye ulemavu wa mikono. Kuandika herufi kubwa humtaka mtu abonyeze vitufe viwili kwa wakati mmoja. Mwenye mkono mmoja, au anayeandika kwa fimbo aliyoishika kwa meno, atafanyaje? Tangu Windows 95 upo mpango wa kuvifanya vitufe vinate: unabonyeza cha kwanza, unakiacha, kisha unabonyeza cha pili, na mashine inaelewa kwamba ulitaka vyote. Kazi hiyo ilitokana na utafiti wa kituo kiitwacho Trace katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mkirudi nyumbani bonyezeni kitufe cha Shift mara tano kwenye kompyuta ya Windows, mtauona mlango huo ambao wengi wenu mmepita mbele yake miaka yote bila kujua ni wa nani.

Na wako wasiobakiwa hata na mkono. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyefariki mwaka 2018, aliugua maradhi yaliyonyausha misuli yake, na mwaka 1985 akapoteza sauti baada ya kupasuliwa koo. Mmarekani Walt Woltosz alimpatia programu iliyopitisha maneno mbele ya macho yake moja baada ya jingine. Hawking alichofanya ni kubonyeza swichi moja neno alilolitaka lilipofika. Vidole viliposhindwa, swichi ikahamishiwa kwenye msuli wa shavu. Kwa swichi moja tu mtu huyo aliandika vitabu vilivyosomwa duniani kote. Akili ilikuwa ile ile; mlango ndio uliohamishwa ukafuata mahali nguvu ilipobaki.

Fikirieni pia viziwi. Watu hudhani kwamba ukimwandikia kiziwi umemaliza kazi. Si hivyo. Kwa kiziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi kwao ni lugha ya pili. Ile barua yetu ya serikali yenye sentensi ya mistari saba na "rejea somo tajwa hapo juu" haiwafikii. Sentensi fupi, mchoro, na filamu ya mkalimani wa lugha ya alama ni sehemu ya kiolesura vilevile. Na kusema kweli, hata kwa sisi tusio viziwi sentensi ile ya mistari saba ni msitu!

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Kisoma-skrini lazima kiambiwe kwamba maandishi ni ya lugha gani. Kisipoambiwa, kitasoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na neno kama "mkutano" litatoka halitambuliki. Bahati nzuri Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na sauti ya kompyuta iitwayo eSpeak, ambayo huja pamoja na NVDA, inakijua. Kinachotakiwa ni mwandishi wa tovuti kuweka alama ndogo ya kusema kwamba ukurasa huu ni wa Kiswahili. Ni kazi ya nusu dakika, na mara nyingi haifanywi.

NANI ASHIKE USUKANI?

Hapa pana mjadala ambao vijana wanaopenda sayansi wangefaa kuufuatilia. Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni kiolesura kinachorekebishwa na mtumiaji: anachagua mwenyewe ukubwa wa herufi, rangi, sauti na mwendo. Njia ya pili ni kiolesura kinachojirekebisha: mashine inamchunguza mtumiaji na kubadilika yenyewe.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, Krzysztof Gajos na Daniel Weld, walionyesha mfumo uitwao SUPPLE. Wazo lake ni kwamba mtengenezaji asichore kiolesura kabisa. Aeleze tu ni mambo gani yanatakiwa kuchaguliwa, kisha mashine ikokotoe mpangilio unaofaa. Katika hatua iliyofuata mtumiaji alipewa jaribio fupi la kuelekeza, kubofya na kuburuta. Mashine ikapima mkono wake unaweza nini, ikamtengenezea kioo chake mwenyewe: anayetetemeka akapata vitufe vikubwa, mwenye mkono mtulivu lakini usio na nguvu akapata vitu vilivyokaribiana ili asisafiri mbali. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba watu wenye ulemavu wa viungo walifanya kazi kwa kasi zaidi kwa asilimia 26, na makosa yao yakapungua kwa asilimia 73, wakilinganishwa na walivyofanya kwenye vioo vya kawaida vya kiwandani. Tena walisema kwamba hawakuchoka sana.

Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, kwa uzoefu wangu wa ofisini, natoa tahadhari. Asiyeona hukariri kioo kama tunavyokariri njia ya kwenda chooni usiku. Mashine ikiamua yenyewe kuhamisha kitufe kwa sababu imeona hakitumiki sana, imemhamishia mlango usiku. Tena mashine inayojua kwamba mkono wangu unatetemeka imejua siri ya mwili wangu. Je, itamwambia nani? Mwajiri? Benki? Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mashine ipendekeze, mtu aamue, na anachoamua kikumbukwe, kisibadilishwe mpaka aseme mwenyewe.

HALI YETU NYUMBANI

Ndugu Mwenyekiti, mtu aweza kusema kwamba hayo ni ya Wisconsin na Washington. Hebu turudi hapa.

Yuko mwalimu mmoja asiyeona ninayemfahamu. Ana shahada, anafundisha historia sekondari, na simu yake humsomea kila kitu kwa kasi ambayo mimi siwezi kuifuata. Siku moja aliletewa barua na ofisi yake kwa njia ya simu. Barua ilikuwa imepigwa kwenye kompyuta, ikachapwa kwenye karatasi, ikatiwa sahihi na muhuri, kisha karatasi ikapitishwa kwenye skana na kutumwa. Simu yake ilipoifungua ikasema neno moja tu: "Picha." Barua ilihusu ombi lake la uhamisho kwa sababu za matibabu ya mke wake. Hakuwa na la kufanya ila kumwita mwanafunzi wa Kidato cha Pili amsomee. Mtoto yule akasoma kwa sauti ugonjwa wa mke wa mwalimu wake. Mwalimu aliniambia kwamba ombi lilikubaliwa, na kwamba hakufurahi.

Naomba mlitafakari jambo hilo. Barua ile ilizaliwa kama maandishi. Kompyuta ya karani ilikuwa nayo, herufi kwa herufi, ikiwa tayari kusomeka kwa sauti. Sisi kwa utaratibu wetu tukaigeuza kuwa picha, kisha tukamtumia mtu asiyeona. Hapakuwa na ubaya wa moyo wala upungufu wa fedha. Ilitosha kuambatanisha na picha ile maandishi yake ya asili.

Mitego ya namna hiyo ni mingi. Liko jaribio linalomtaka mtu athibitishe kwamba yeye si mashine kwa kuchagua picha zenye magari. Asiyeona huambiwa, kwa maneno mengine, kwamba yeye si mtu. Iko menyu ya simu inayojifunga baada ya muda mfupi, kabla ya mwenye vidole vizito hajamaliza kuandika namba. Viko vitufe visivyopewa jina, kisoma-skrini kikivifikia husema "kitufe, kitufe, kitufe" kama kasuku. Na liko jambo la namba ya siri ya fedha za simu. Mtu ambaye hawezi kuiandika mwenyewe humtajia mwingine, na akishamtajia si siri tena. Kwa mwenye macho kiolesura kibovu ni kero. Kwa hawa wenzetu ni kupoteza faragha, fedha, na uhuru wa kuwa mtu mzima.

Sheria tunazo. Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006, na ibara yake ya 9 inataja wazi habari na mawasiliano. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Lakini ukimwajiri asiyeona kisha ukamkalisha mbele ya mfumo usiosema, umeajiri jina lake tu. Atakaa pale mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi, na wenzake watasema kwamba watu kama yeye hawawezi kazi.

Wapo wanaosema kwamba gharama ni kubwa. Nawajibu kama mtu anayeandika makadirio ya mifumo hiyo. Njia ya kiti cha magurudumu ikichorwa kwenye ramani ya jengo hugharimu zege kidogo. Ikikumbukwa baada ya jengo kuzinduliwa hugharimu kubomoa. Kompyuta ni vivyo hivyo. Kukipa kitufe jina siku kinapoandikwa ni maneno mawili. Kuvipa majina vitufe mia nane vya mfumo uliokwisha kununuliwa ni zabuni nyingine. Kwa hiyo ninyi mlio wakuu wa idara na wajumbe wa bodi za zabuni, naomba muweke sharti hilo kwenye zabuni tangu mwanzo, na kabla ya kulipa malipo ya mwisho mwiteni mtu asiyeona na mwenye ulemavu wa mikono waujaribu mfumo mbele yenu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

NENO KWA VIJANA, NA MAOMBI KWA UMOJA

Vijana wangu, wengi wenu mtaandika programu, hata kama leo mnadhani mtakuwa madaktari. Nawapa mazoezi matatu yasiyohitaji fedha. La kwanza: wekeni kipanya kando, jaribuni kutumia tovuti yoyote kwa kitufe cha Tab na cha Enter peke yake, muone mtakwama wapi. La pili: washeni kisoma-skrini kilichomo kwenye simu, fumbeni macho, mjaribu kutuma ujumbe mmoja. La tatu, nalo ndilo kubwa: baada ya hapo msijidanganye kwamba mmeyajua maisha ya asiyeona kwa dakika kumi za kufumba macho. Nendeni mkamwulize mwenyewe. Yeye ndiye fundi wa jambo hilo. Ninyi ni wanagenzi wake.

Kwa Umoja wetu nina maombi matatu, nami naomba yaingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, NVDA iwekwe kwenye kompyuta zote za shule hii, pamoja na vipokea sauti vya kuvaa masikioni viwili au vitatu. Programu yenyewe ni bure. Ninajitolea kuja kuiweka na kumwonyesha mwalimu wa kompyuta.

Pili, gazeti letu hili, mbali na kuchapwa, litolewe pia kama maandishi ya kawaida ya kompyuta, si picha za kurasa. Katika orodha yetu ya wanachama wapo waliopoteza uwezo wa kuona tangu walipoondoka hapa. Wanalipa ada kama sisi, na wana haki ya kusoma habari za wenzao bila kumwita mjukuu.

Tatu, shule ijitayarishe kupokea wanafunzi wasioona na wenye uoni hafifu. Najua uamuzi huo hauko mikononi mwetu peke yetu. Lakini siku wakuu watakapotafuta shule ya kuwapangia, jibu letu lisiwe kwamba hatuna vifaa. Chumba cha kompyuta kiwe kimekwisha kuwa tayari, na mwalimu awe anajua la kufanya.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha na naona mwalimu wa zamu anatazama saa. Nimesema mengi kuhusu mashine, lakini jambo lenyewe ni la heshima kati ya mtu na mtu. Mwananchi asomeaye barua yake mwenyewe, aandikaye namba yake ya siri mwenyewe, na aombaye kazi kwa mkono wake au kwa sauti yake, hahitaji kuonewa huruma na yeyote. Kumwezesha kufanya hivyo kumo ndani ya uwezo wetu, tena kwa gharama tunayoiweza.